Watoto wa siku 104 watafutwe



Naomba nafasi katika ukurasa huu wa barua ili nami nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo wengi wetu tumekwisha kulisahau. Jambo lenyewe ni watoto ambao hawakurudi shuleni pale shule zilipofunguliwa mwaka 2020 baada ya kufungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kilolo, Mkoa wa Iringa. Nyumbani kwetu ni Umalila, Mbeya Vijijini, na ualimu nilisomea Tukuyu. Kwa hiyo haya ninayoyasema nimeyaona katika mikoa yote miwili, na mengine, kama nitakavyoeleza, nimeyatenda mwenyewe.

Wasomaji watakumbuka kuwa mgonjwa wa kwanza hapa nchini alitangazwa tarehe 16 Machi, 2020. Kesho yake shule zikafungwa, kwanza kwa siku 30, halafu mpaka hapo itakapotangazwa tena. Vyuo na kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, na sisi wengine wote tarehe 29 Juni. Nimehesabu kwenye kalenda, nikapata siku 104.

Siku hizo si nyingi ukilinganisha na majirani zetu. Kenya walianza kurudisha baadhi ya madarasa mwezi Oktoba, waliobaki wakangoja mpaka Januari 2021. Uganda shule hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2022. Kwa hiyo siandiki kuilaumu Serikali kwa kufunga wala kwa kufungua. Kufungua mapema kulitusaidia sana, na asiyekubali hilo aje anisomee daftari langu la mahudhurio. Ninalotaka kusema ni jingine.

Kwetu Tanzania watu hawakufungiwa majumbani. Masoko yaliendelea, mashamba yaliendelea, ibada ziliendelea, na mabasi yalitembea isipokuwa abiria walitakiwa wakae wote vitini, kusimama marufuku. Jambo hili tulilisifu, na mimi nililisifu, maana mtu anayeishi kwa kibarua angekula nini ndani ya nyumba? Lakini hebu tulitazame kwa upande wa mtoto. Mahali ambapo kila kitu kilifungwa, mtoto alikaa nyumbani na anayetaka kumtumikisha naye alikaa nyumbani. Kwetu mtoto alifungiwa mlango mmoja tu, wa shule. Milango ya kazi yote iliachwa wazi.

Tena ilikuwa majira gani? Mtu wa Nyanda za Juu Kusini hahitaji kuelezwa. Machi mpaka Juni ndiyo miezi yetu ya kazi. Usangu kuna ndege wa kuwingwa mpungani, halafu kuna kuvuna. Ilula kuna nyanya za kuchuma na kupanga kwenye matenga. Mufindi kuna chai na mbao. Umalila kuna viazi. Mahindi yanakauka kila mahali. Watoto walianza kwa kuwasaidia wazazi wao, jambo ambalo ni jema na mimi nililelewa hivyo hivyo. Lakini kazi ya mzazi ikiisha, jirani huita. Jirani akimaliza, huja mwenye lori.

Sasa nieleze kosa langu. Mwezi wa Juni nilikwenda nyumbani kumsaidia mama kuvuna viazi. Mshahara wangu ulikuwa unaingia kila mwezi ingawa sifundishi, kwa hiyo nilikuwa na fedha ya kulipa vibarua. Asubuhi ya kwanza walikuja sita. Wanne walikuwa watoto. Mmoja alikuwa amevaa sweta la shule, la bluu, limechanika kiwiko. Nilimwuliza yuko darasa la ngapi, akanijibu, "La tano, shikamoo." Wakachimba, wakajaza magunia ya lumbesa, wakayaburuta mpaka barabarani. Jioni niliwalipa kwa gunia kama watu wazima, na nilijiona mtu mwema kwa kuwa sikuwapunja. Mama alisema, "Kheri hawa wako hapa kuliko kuzurura." Nami nikakubali. Mwalimu mwenye cheti cha Serikali.

Jumapili tarehe 28 Juni nikaondoka Mbeya kurudi kituoni. Mji ulikuwa umechangamka isivyo kawaida, kwa kuwa siku hiyo Simba walikuwa wanacheza na Prisons Uwanja wa Sokoine. Walitoka bila kufungana na Simba wakawa mabingwa, lakini mimi niliyapata hayo kwenye redio ya basi. Ukitazama vijana walivyojaa barabarani na jezi zao, ungesema ugonjwa haukupata kufika Mbeya. Barakoa za kitenge, ambazo mwezi Aprili zilikuwa zinagombewa, muuzaji alikuwa amezining'iniza zikipigwa vumbi. Na kule kujifukiza kwa majani ya mikaratusi kila jioni nako kulikuwa kumepungua, ingawa mama yangu alinifungia majani mengine kwenye mfuko nije nayo Iringa, kana kwamba Iringa hakuna mikaratusi.

Tulipofika Mafinga akapanda mama mmoja na wasichana watatu, kila mmoja na kifurushi chake. Walikaa nyuma yangu. Umri wao ulikuwa kama miaka kumi na miwili, kumi na mitatu. Niliwageukia nikawauliza, "Mnakwenda wapi, wanangu?" Mmoja akasema, "Dar es Salaam, kwa shangazi." Wote watatu kwa shangazi mmoja! Yule mama akatazama dirishani. Kesho yake ndiyo shule zinafunguliwa nchi nzima, na redio ilikuwa inatangaza hivyo hivyo mle ndani ya basi. Nilinyamaza. Niliteremka Ipogolo nikachukua begi langu, na wao wakaendelea.

Mambo ya wasichana wa Iringa kwenda kutumika mijini si mageni, wala si ya korona. Sote tunajua. Yapo tangu zamani, na zipo familia mjini ambazo huwalea vizuri wasichana hao na hata kuwasomesha. Lakini katika miaka ya kawaida anayemchukua mtoto wa shule hujificha, maana mwalimu ataita jina na mtendaji ataulizwa. Katika siku zile 104 hapakuwa na jina la kuitwa. Mtoto aliondoka mchana kweupe na hakuna sheria aliyoonekana kuivunja, kwa kuwa shule yenyewe imefungwa.

Jumatatu tarehe 29 Juni tulifungua. Tulikuwa tumejiandaa. Ndoo za koki zilikuwa mlangoni, vibuyu chirizi vimetundikwa nje ya vyoo, sabuni ipo, na madawati tumeyaachanisha kadiri chumba kilivyoruhusu. Walikuja viongozi kutukagua. Waliuliza ndoo ngapi, sabuni ngapi, watoto wanapangwa vipi mstarini. Maswali mazuri, na tuliyajibu. Hakuna aliyeuliza wangapi hawajaja.

Kwa nini hawakuuliza? Nafikiri ni kwa sababu mawazo yote yalikuwa kwenye darasa la saba. Mtihani wao ulikuwa umesogezwa mpaka tarehe 7 na 8 Oktoba, na kila mtu alikuwa anakimbizana na vipindi vilivyopotea. Masomo yalikuwa yakitolewa redioni na katika televisheni na Taasisi ya Elimu, na huo ulikuwa msaada mkubwa kwa wenye vyombo. Lakini katika kijiji chetu redio ni ya baba. Inakwenda naye shambani, na jioni inakwenda naye kwenye ulanzi. Kwa hiyo tulianza karibu na pale tulipoachia, na aliyekuja ndiye tuliyeshughulika naye.

Darasa langu lilikuwa la sita. Wiki ya kwanza walipungua wengi, wiki ya pili wakawa wamerejea karibu wote mahindi yalipokwisha. Sita hawakuja kabisa. Sikuwa na agizo la kuwatafuta, lakini lile sweta la bluu lilikuwa linanisumbua, basi nikaanza kuzunguka Jumamosi.

Kwa wa kwanza mama yake alinipokea vizuri. "Kamwene, mwalimu. Karibu kiti." Nikauliza habari za mtoto. Akasema, "Yuko Mufindi anabeba mbao, analeta fedha. Mwalimu, mlimrudisha ninyi wenyewe mwezi wa tatu. Sasa ameshajua fedha, nitamrudishaje mimi?" Sikuwa na jibu la haraka. Kwa wa pili nilikuta mlango umefungwa, wamehamia Usangu. Wa tatu na wa nne walikuwa ndugu, wanachunga ng'ombe wa mtu, na hao baada ya kuzungumza na babu yao mara tatu walirudi mwezi Septemba. Wa tano alikuwa ni binti aliyepata mimba, na kwa utaratibu wa wakati ule sikuwa na la kumwambia. Wa sita alikwenda Dar es Salaam. Baba yake aliniambia, "Yuko kwa shangazi yake." Nilikumbuka basi.

Kwa hiyo katika sita walirudi wawili, tena kwa miguu ya mwalimu mmoja. Wenzao walifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2021. Hii ni shule moja, darasa moja. Sitaki kukisia hesabu ya nchi nzima, lakini mwalimu yeyote wa kijijini anayesoma barua hii na afungue daftari lake la mwaka 2020 alitazame.

Najua watakaosema, mwalimu unafukua makaburi, korona imekwisha na hao sasa ni vijana. Ndiyo maana ninaandika, ndugu Mhariri. Mwezi Novemba 2021 Serikali ilitangaza kuwa wanafunzi walioacha masomo kwa sababu ya mimba na sababu nyingine wanaruhusiwa kurudi. Huo ulikuwa uamuzi wa maana sana. Lakini tangazo husomwa na anayesoma gazeti. Yule binti wa tano alikaa miaka zaidi ya miwili bila kujua kuwa amri hiyo ipo, na nyumba yao haifiki kilomita tatu kutoka shuleni. Nilipomweleza alicheka. Akaniuliza, "Nikakae na watoto wa darasa la sita, mwalimu, na wangu mgongoni?"

Upo MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, ambao umewekwa kwa ajili ya watoto wa namna hii waliopitwa na umri. Katika kata yetu hauna darasa. Umri nao haumsubiri mtu. Aliyekuwa na miaka kumi na miwili wakati ule amekwisha kuwa mtu mzima au yuko mlangoni.

Mwalimu mmoja mstaafu wa hapa kijijini amenisimulia jinsi ilivyokuwa mwaka 1977, mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulipoanza. Anasema balozi wa nyumba kumi alizunguka na daftari mlango kwa mlango, na mtoto aliyekuwa machungani alifuatwa huko huko machungani. Yawezekana mzee anaongeza chumvi kidogo kama wazee wote, lakini sheria ya elimu ya mwaka 1978 inayomlazimu mtoto kuhudhuria shule bado ipo, na tangu mwaka 2016 mzazi halipi ada. Kinachokosekana ni mtu wa kuzunguka.

Rai yangu kwa wahusika ni hii. Kwanza, kila shule itoe majina ya waliokuwa kwenye daftari tarehe 17 Machi, 2020 na ambao hawakuonekana tena, na majina hayo apewe mwenyekiti wa kitongoji, siyo yakae wilayani. Yeye ndiye anayejua nani amekwenda wapi na kwa nani. Pili, zile kata ambazo MEMKWA umekufa ufufuliwe, na ambao umri umewapita kabisa waandaliwe elimu ya watu wazima jioni, katika madarasa haya haya tuliyo nayo, ambayo saa kumi yanafungwa. Walimu tutafundisha, tukipata posho kidogo tutashukuru, sitaficha hilo. Tatu, siku nyingine shule zikifungwa kwa maradhi, kwani maradhi hayajaisha duniani, orodha iandikwe siku ya kufunga, na siku ya kufungua mkaguzi aanze kwa kuuliza watoto ndipo aulize ndoo.

Na ninyi wenzangu wa mjini mliopokea msichana kutoka kwetu kati ya Machi na Juni mwaka ule, muulizeni aliachia darasa la ngapi.

Daftari la darasa la sita la mwaka 2020 ninalo kabatini. Majina manne yana alama nyekundu. Ofisi yoyote itakayolihitaji kwa kazi hiyo itanikuta shuleni, Jumatatu mpaka Ijumaa.

Mwalimu wa Kijijini,
Kilolo, IRINGA.