Majibu ya Maabara Yaandikwe kwa Lugha ya Mgonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku ambalo limenikaa rohoni miezi mingi. Linahusu vile vikaratasi tunavyopewa kwenye dirisha la maabara baada ya kukabidhi vikopo vya mkojo.

Mama yangu ana miaka 63. Mwaka jana alianza kuamka usiku mara nne, mara tano, kwenda haja ndogo. Nikampeleka zahanati moja ya binafsi hapa Tanga. Akapewa kikopo, akaonyeshwa choo kilipo, basi. Baada ya nusu saa tukakabidhiwa karatasi ndogo iliyoandikwa Kiingereza mwanzo mwisho: “pus cells 3–5, epithelial cells ++, nitrite neg, protein nil, glucose +++”. Daktari aliitupia jicho, akasema, “Mama ana UTI,” yaani maambukizi ya njia ya mkojo, akaandika vidonge vya siku saba. Hatukukaa mle ndani hata dakika mbili.

Vidonge viliisha, safari za usiku hazikuisha. Kituo cha pili wakasema ni UTI sugu, akachomwa sindano asubuhi na jioni kwa siku tano mpaka akashindwa kuketi. Cha tatu wakaongeza na taifodi. Miezi minne, Mhariri! Mama alikonda, kanga ikawa inamzunguka mara mbili, mtungi wa maji haukai, na majirani wakaanza kuninong’oneza nimtafutie mganga.

Alipoanguka uani tukamkimbiza hospitali. Muuguzi wa zamu aliomba vyeti vyote vya nyuma. Nilikuwa navyo kwenye mfuko wa nailoni. Alipofika kwenye kile cha kwanza akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Dada, hii sukari kwenye mkojo hamkuambiwa?” Akamtoboa mama kidole. Mashine ikasoma 23.

Muuguzi huyo, Mungu ambariki, alinieleza pale pale korido. Kwa kawaida mkojo hauonyeshi sukari. Figo huiachia hasa pale sukari ya damu inapopita kiasi cha 10 kwenye mashine ile, na sukari ikitoka huvuta maji, ndiyo maana mtu anakojoa sana na kiu haimwishi. Zile chembe za usaha 3 hadi 5 chini ya darubini ziko ndani ya kiwango cha kawaida katika maabara nyingi. Zile “epithelial” ni seli za ngozi na utando. Zikiwa nyingi mara nyingi huonyesha kuwa mkojo haukukingwa vizuri. Na ungekingwaje vizuri, wakati hakuna aliyemwambia mama ajisafishe kwanza, aache mkojo wa mwanzo upite, akinge ule wa katikati?

Kumbe ugonjwa wa mama ulikuwa umeandikwa tangu siku ya kwanza, nasi tulilala nao kabatini miezi minne. Mimi ni mwalimu, Kiingereza nakisoma, lakini alama tatu za kujumlisha bila kiwango cha kawaida pembeni zingeniambia nini?

Siwalaumu wataalamu wa maabara. Foleni zao naziona. Najua pia kipimo cha kuotesha mkojo, kinachoonyesha mdudu gani yupo na dawa ipi inamuua, huchukua siku moja hadi tatu, na zahanati nyingi hazina uwezo nacho. Lakini kumwaga dawa za bakteria kwa kila anayekojoa mara kwa mara kunatupeleka kwenye usugu, siku mtu akiugua kweli dawa zisimsaidie.

Ombi langu kwa Wizara ya Afya ni dogo. Karatasi ya majibu iandikwe Kiswahili, kila kipimo kiwe na kiwango cha kawaida pembeni, na daktari alazimike kumsomea mgonjwa mistari yote, si ule mmoja aliouzoea. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mshitakiwa wa wizi wa kuku ana haki ya kusikia kesi yake kwa lugha anayoielewa, mgonjwa je? Msamiati usiwe kisingizio. Sukari, damu, usaha na protini tunavitaja kila siku, na kwa yale magumu Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) lipo.

Mama sasa anahudhuria kliniki ya kisukari. Wiki iliyopita alirudi na karatasi nyingine, akanikabidhi kabla hata hajavua viatu. “Mwanangu, nisomee,” akasema. “Hapa wameandikaje?” Yote yalikuwa Kiingereza tena.

Wako,
Mwalimu wa shule ya msingi,
Tanga