Bibi Asinyamazishwe

Jambo hili si geni kwa mkazi wa Musoma. Bibi amewasili kutoka Butiama kumwona mjukuu wake. Amempakata na kumsemesha Kizanaki. Mtoto anacheka, naye anajaribu kujibu kwa sauti zake zisizo na maana bado. Mara mama mtu anaingilia kati: "Mama, tafadhali msemeshe Kiswahili, utamchanganya." Bibi, ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea maji, ananyamaza.

Sisi tunaona kwamba hapo mtoto amenyang'anywa kitu, tena na mzazi anayemtakia mema.

Mtoto mchanga huanza kubwabwaja kabla ya kutimiza mwaka mmoja: ma-ma-ma, ba-ba-ba, ta-ta-ta. Hizo ni sauti nyepesi kwa kinywa kisicho na meno, na sisi wakubwa ndio tunaozipa maana. Kwetu "baba" ni mzazi wa kiume. Kwa Wakisii, jirani zetu walio ng'ambo ya mpaka wa Kenya, "baba" ni mama mzazi, na baba huitwa "tata". Huko Georgia, nchi ya mbali kabisa, "mama" ndiye baba! Watoto wa pande zote hizo hukua wakawajua wazazi wao bila matata. Karibu na mwaka mmoja neno la kwanza hutoka, na kufikia miaka miwili walio wengi huunganisha maneno mawili. Aliyelelewa kwa lugha mbili huchanganya kidogo mwanzoni, kisha huzitenga mwenyewe kwa kadiri anavyomjua anayezungumza naye.

Wako wanaosikia mtoto akikata maneno ya Kiswahili wakakilaumu Kijita au Kikwaya cha nyumbani. Mtaalamu Kamil Ud Deen alichunguza watoto wa Nairobi wanaokua na Kiswahili, na katika kitabu chake cha mwaka 2005 alionyesha kuwa nao pia huacha mara kwa mara viambishi vya mwanzo wa kitenzi. Basi kosa hilo si la bibi wa Butiama. Ni hatua ya kukua, kama vile kusimama dede.

Na kama ushahidi wa vitabu hautoshi, uko ushahidi wa kijiji hicho hicho. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alilelewa kwa Kizanaki. Kiswahili alikutana nacho shuleni Mwisenge, hapa Musoma, alikoanza masomo mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kutafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, mara mbili. Ni nani atakayesema kuwa Kizanaki kilimharibia ulimi?

Hatusemi haya kwa kukidharau Kiswahili. Gazeti hili linaishi kwa lugha hiyo. Ndiyo iliyotuunganisha, na tangu mwaka 1967 ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Lakini Kiswahili hakina hatari Bunda wala Musoma. Mtoto atakiokota stendi, sokoni Nyasho na darasani, apende asipende. Kiikizu au Kizanaki hakuna darasa litakalomfundisha. Kinapatikana mapajani mwa bibi, na bibi hakai milele.

Kuna tatizo jingine ambalo linatutia wasiwasi zaidi kuliko wingi wa lugha, nalo ni ukimya. Siku hizi mtoto hupewa simu yenye katuni ili atulie, na nyumba nzima ikatulia pamoja naye. Katuni haimsubiri ajibu. Bibi humsubiri, akakosea naye, akacheka naye, akarudia neno lile lile mara kumi.

Mzazi ambaye mtoto wake ametimiza mwaka mmoja na nusu bila kutamka neno lolote, kwa lugha yoyote, asilaumu kilugha wala asingoje. Ampeleke kliniki haraka, na aombe masikio yapimwe kwanza.

Bibi akija tena mwezi Desemba, akabidhiwe mjukuu, na televisheni izimwe.