Pikipiki Zisifukuzwe Mjini, Zipangwe

Muhula uliopita chama chetu cha majadiliano kilijadili neno hili: "Pikipiki za abiria zizuiwe kuingia katikati ya mji." Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande uliokubali. Waliokuwapo watakumbuka jinsi ukumbi ulivyojaa, hata wengine wakasikiliza wakiwa madirishani. Nilisema kwamba tangu tarehe 1 Julai, 2020, siku Jinja na Mbale zilipopewa cheo cha jiji, cheo kimekua lakini barabara ni zile zile. Nilisema kwamba mwenda kwa miguu hana tena mahali pa kupita, maana njia yake imekuwa uwanja wa bodaboda. Nikamaliza kwa kusema kwamba jiji lisiloweza kuzitoa pikipiki katika barabara zake si jiji, ni mnada wa ng'ombe. Nikapigiwa makofi mengi, na tulishinda kwa kura nyingi.

Leo naandika kuwaambia wanafunzi wenzangu, na wale waliotutangulia katika shule hii, ya kuwa nilishinda kwa nusu ya hoja. Nusu ya pili niliipata likizoni, nyumbani Mbale.

Jioni niliyofika, mjomba wangu alinipokea karibu na mnara wa saa. Yeye ni dereva wa bodaboda, na sehemu kubwa ya karo yangu hutoka katika pikipiki ile. Njiani, nami nimeketi nyuma yake, nilimsimulia habari za ushindi wangu. Sikufikiri kwamba nilikuwa namsimulia jinsi nilivyomfukuza kazini mbele ya watu wote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umesema vizuri, mpwa wangu. Kesho njoo ukae nami stejini toka asubuhi mpaka jioni. Jioni utanitolea hotuba yako tena, nami nitapiga kura."

Basi nikaenda. Steji yake haiko mbali na soko kuu. Kuna Wagisu, Wateso na Wagwere, na kwa kuwa kila mmoja ana lugha yake, wao husemezana Kiswahili. Nilikaa juu ya kreti la soda, nikatazama.

Jambo la kwanza nililoliona ni abiria wenyewe. Nilipokuwa natunga hotuba yangu niliwaza kijana avaaye miwani myeusi, apendaye mwendo wa kasi. Sikumwona mtu wa namna hiyo hata mmoja asubuhi ile. Nilimwona mama mwenye magunia mawili ya kabichi, ambaye teksi haikumtaka kwa sababu ya mzigo wake. Nilimwona mzee mwenye fimbo akirudi kutoka hospitali. Nilimwona fundi na sanduku lake la vyombo, tena mwalimu aliyechelewa. Watu hawa hawana motakaa. Njia za kwenda kwao ni nyembamba, za udongo, na mvua ya Mlima Elgon ikinyesha ni matope matupu. Teksi haziendi huko. Mtu akimwambia mama yule, "Shuka hapa, katikati ya mji hapana pikipiki," hamwondolei msongamano. Anamtwika magunia kichwani.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Yapata saa nne njia ilizibwa kabisa. Nikasimama nione ni pikipiki gani iliyoziba. Haikuwa pikipiki. Lori lilikuwa limesimama kando ya duka likishusha mifuko ya saruji, na upande wa pili teksi ilikuwa imesimama ikiita abiria. Motakaa mbili hazikuweza kupishana katikati yao. Pikipiki zilipenya, lakini zilipenya kwa kupanda juu ya njia ya wenda kwa miguu, na wanawake wakaruka mtaroni na mizigo yao. Kwa hiyo pikipiki hazikuanzisha shida ile, ila ziliihamisha, zikawatupia wanyonge.

Jambo la tatu ni hili, na ndilo ninalotaka wasomaji walishike. Pikipiki iendayo na abiria wake haizibi njia. Izibayo ni ile isimamayo pasipo mahali pake, na ile izungukayo tupu ikitafuta abiria. Madereva wa steji ya mjomba wangu hungoja zamu zao kwa mstari. Lakini wapo wengine wasio na steji yo yote. Hao hupita polepole kando ya barabara, wakimwona mtu amesimama husimama ghafula, nao wakiwa sita au saba humzunguka mtu mmoja kama kuku waliotupiwa nafaka. Pale ndipo ugomvi, matusi na ajali hutokea.

Nisidhaniwe kwamba nimegeuka kuwa wakili wa bodaboda kwa sababu ya karo yangu. Madhara yake nayajua. Kijana wa mtaa wetu, aliyekuwa mbele yangu mwaka mmoja shuleni, alivunjika mguu kwa pikipiki iliyobeba watu watatu usiku bila taa. Hata leo hutembea kwa gongo. Ripoti za polisi wa Uganda, mwaka baada ya mwaka, zaonyesha ya kuwa waendao kwa pikipiki ni miongoni mwa wanaokufa kwa wingi barabarani. Sheria yamtaka dereva avae kofia ngumu, na abiria wake vile vile. Yataka pia abiria awe mmoja tu. Siku ile stejini madereva wachache walivaa kofia, na abiria aliyevaa sikumwona. Mjomba wangu mwenyewe alikuwa ameitundika yake kwenye usukani. Nilipomwuliza sababu alicheka, kisha akaivaa.

Yafaa pia tukumbuke kazi hii ilikotoka, maana haikuanguka kutoka mbinguni. Ilianza mpakani, upande wetu huu wa mashariki, katika miaka ya 1960 na 1970. Baina ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda palikuwa na mwendo wa kuchosha kwa mtu mwenye mzigo. Vijana wenye baiskeli wakaweka mto nyuma, wakawa wanaita watu kwa Kiingereza, "border, border", yaani mpaka mpaka, na kutokana na mwito huo tukapata neno bodaboda. Wazee waliosoma Jinja watazikumbuka baiskeli za abiria katika barabara zile pana. Watakumbuka pia viwanda vya nguo na cha kuyeyushia shaba, vilivyoajiri watu wengi. Baadaye kazi za namna hiyo zilipungua sana, na pikipiki zikaja. Kijana aliyekosa kazi ya kiwandani hakuketi kungoja, alikopa pikipiki. Mjomba wangu alilipa mkopo wake sh. 80,000 kila juma, mvua au jua. Mtu wa namna hiyo ukimwondoa mjini kwa tangazo la siku moja, hutamfanya awe mkulima siku ya pili. Atarudi kwa njia ya uchochoro.

Na ndivyo ilivyotokea penginepo. Mwaka 2020 wakuu wa Kampala walitangaza eneo la katikati ya mji lisiloingiwa na bodaboda. Anayepita Kampala leo ataziona pale pale zikipita. Huko Nigeria, Jimbo la Lagos lilipiga marufuku pikipiki za abiria katika barabara nyingi mwaka 2012. Likatoa marufuku nyingine mwaka 2020, na nyingine tena mwaka 2022. Amri inayorudiwa mara tatu ni amri ambayo watu hawakuweza kuishi nayo. Lakini tazama Kigali. Huko dereva wa pikipiki huvaa vazi lenye namba, huvaa kofia, na huchukua kofia ya pili kwa ajili ya abiria wake. Pikipiki hazikufutwa, zilipangwa. Wanyarwanda si malaika, ila kanuni yao hufuatwa kila siku, si siku ya msako tu.

Sisi wenyewe tuliwahi kuonja mji usio na bodaboda. Machi 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Serikali ilizikataza kuchukua abiria, zikaruhusiwa mizigo tu, mpaka mwisho wa Julai. Motakaa za watu nazo zilizuiwa. Barabara zilikuwa kimya, naam. Lakini usiku mmoja jirani yetu alishikwa na uchungu wa kuzaa, na kibali cha kutembea kwa gari hakikupatikana. Alikwenda kwa miguu, mama yangu akimshika mkono huku na dada yake akimshika mkono huku. Mtoto alizaliwa salama, kwa rehema ya Mungu. Wahenga walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi niliwatukana wakunga mbele ya shule nzima, nikapigiwa makofi.

Basi yafanywe nini? Mimi naona mambo manne yangetosha kuanzia.

Kwanza, kila steji ipimwe, ichorwe mistari ya rangi chini, na ipewe idadi ya pikipiki ziwezazo kusimama hapo. Iwe kando ya barabara, wala isiwe juu ya njia ya wenda kwa miguu. Mahali pa motakaa moja hutosha pikipiki kadhaa; kwa hiyo ni nafasi chache za motakaa tu zitakazotolewa.

Pili, kila dereva awe na namba ya steji yake, iandikwe mgongoni mwa vazi lake. Asiye na namba aweza kumleta abiria katikati ya mji na kumshusha, lakini asisimame wala asizunguke akitafuta mwingine. Hapo ndipo pikipiki zizuiwe, na zizuiwe kweli.

Tatu, malori yashushe mizigo alfajiri au usiku, na teksi zipakie abiria katika vituo vyake. Haifai kumkamata mwenye magurudumu mawili na kumwachia mwenye magurudumu kumi.

Nne, sheria ya kofia na ya abiria mmoja ishikwe kila siku.

Jioni nilimweleza mjomba wangu mambo haya manne mahali pa ile hotuba. Lile la kwanza alilikubali, na la tatu alilikubali kwa furaha. Lakini juu ya namba alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na yule kijana atakayekosa namba?" Akanionyesha mmoja aliyekuwa ng'ambo ya barabara, hana steji, umri wake hauzidi wangu sana. Sikuwa na jibu zuri. Nilisema kwamba ataweza kuwachukua watu wa Namatala na Nkoma na kuwaleta mjini, na kwamba namba ikiachwa na mwenyewe itolewe kwa zamu, isiuzwe. Mjomba akasema, "Atapata kidogo kuliko leo." Ni kweli. Kila mpango una mtu wa kuumia, na sisi tupendao kupanga mambo ya watu yatupasa tumtazame usoni kwanza. Lakini nalinganisha pato lake litakalopungua na mguu wa kijana wa mtaa wetu, pamoja na wale wanawake mtaroni, nami naona afadhali lipungue.

Kwenu mliotutangulia nina neno moja. Baadhi yenu mnaketi katika mabaraza ya miji yetu hii miwili. Husemwa kwamba zamani Mbale ulisifiwa kwa usafi katika Afrika ya Mashariki yote. Sifa ile haikuja kwa kuwafukuza watu. Ilikuja kwa kila kitu kuwa na mahali pake. Kabla ya kutia sahihi tangazo lo lote, tafadhalini mkakae stejini siku moja, juu ya kreti la soda.

Na sisi wanafunzi tusijitoe lawamani. Siku ya kufunga shule ni nani hupanda watatu juu ya pikipiki moja pamoja na masanduku, na kumhimiza dereva akimbie ili tuwahi basi? Ni sisi. Dereva akikataa, twamwita mwoga na kumwendea mwenzake. Siku ya kufunga muhula huu mimi nitapanda peke yangu, nitalipa sh. 1,000 zaidi ikibidi, na nitaomba kofia.

Neno lile likijadiliwa tena muhula ujao, naomba nipewe nafasi upande wa pili. Naweza kushindwa, maana hotuba ya kufukuza hupendeza masikioni kuliko hotuba ya kupanga. Mjomba wangu ameahidi kuja kusikiliza. Amesema atawahi kufika, na pikipiki yake ataisimamisha mahali panapofaa.

Mwanafunzi wa Senior 6