Rimu imekubali nati, mbona gari inatetema?

Wiki hizi simu za wasikilizaji zimetuletea swali moja kwa sauti tofauti. Mmoja anapiga kutoka upande wa Makunduchi, mwengine Donge, mwengine Chaani. Gari ni ndogo na ya zamani: Toyota Starlet, Vitz ya mwanzo, Corolla ya miaka ya 90. Rimu zake za chuma zimeliwa na kutu, au zimepinda kwa mashimo, na mwenye gari amekwenda mjini kutafuta nyengine. Amerudi na rimu za spoti zinazong'ara. Baada ya siku mbili anatupigia kuuliza kwa nini usukani unatetema.

Kisa cha mmoja kinatosha kueleza vya wengi. Ana Vitz inayopeleka watoto skuli asubuhi na kubeba ndoo za samaki jioni. Muuzaji alimpandishia rimu moja palepale barazani, nati nne zikaingia, wakapeana mikono. Alipofika Tunguu, mwendo ulipozidi kilomita 60 kwa saa, usukani ukaanza kumcheza mikononi. Akalipia kupima mizani ya tairi mara mbili. Akabadilisha na beringi ya mbele. Tatizo likabaki palepale, kwa sababu halikuwa kwenye tairi wala kwenye beringi. Rimu zile zilikuwa za Honda.

Hapo ndipo penye mtego. Honda Fit na Toyota Vitz zote zina nati nne, na duara la nati hizo lina kipimo kilekile, milimita 100 kutoka bolti moja hadi inayoielekea. Mafundi wetu huiita "nne kwa mia". Ni kipimo kilichoenea mno katika gari ndogo za Japani: Starlet, Vitz, Passo, Corolla nyingi zinazovutwa na magurudumu ya mbele, Nissan March, Mazda Demio na Suzuki Swift nyingi za zamani. Ndiyo maana mwenye Starlet, gari ambayo Toyota iliacha kuitengeneza mwaka 1999, bado anapata rimu leo. Lakini kwa sababu hiyohiyo anauziwa rimu yoyote yenye matundu manne na kuambiwa "hii inakaa".

Inakaa, ndiyo. Ila gurudumu halishikwi na nati peke yake. Katikati ya habu pana duara la chuma linalotokeza, na katikati ya rimu pana tundu kubwa la kulipokea. Kwenye Toyota ndogo duara hilo lina milimita 54.1. Tundu la rimu ya Honda Fit ni milimita 56.1. Tofauti ni milimita mbili, na jicho haliioni, lakini rimu haikai tena katikati kwa kubebwa na habu. Ukigeuza mambo, utaona kwa nini wauzaji wanachanganya: rimu ya Honda inaingia kwenye Vitz kwa sababu tundu lake ni kubwa zaidi, ila rimu ya Vitz haiingii kwenye Honda hata ukiigonga. Ya Nissan March nayo inaingia kwenye Toyota, kwa sababu hiyohiyo.

Nati zenyewe ni balaa jengine. Itoe nati ya rimu ya chuma ya Vitz uitazame inapogusana na rimu: imechongwa mfano wa koni. Nati ya Honda imeviringa kama mpira, na tundu la rimu yake ya asili limechimbwa kwa umbo hilohilo. Ukikaza koni ndani ya tundu la mviringo, chuma kinagusana kwenye mstari mwembamba tu. Spana inakwambia imekaza, lakini baada ya matuta ya barabarani nati inalegea. Mtetemo ni usumbufu, lakini nati kulegea ndiko kunakotoa gurudumu barabarani, na katika gari ile kulikuwa na watoto wa watu.

Hata rimu za asili za Toyota zina mambo yake. Baadhi ya rimu za spoti za kampuni hiyo hutumia nati yenye shingo ndefu na washa bapa, si koni. Kwa hiyo anayenunua rimu bila nati zake amenunua nusu. Na meno ya nati nayo yanatofautiana: Toyota, Honda na Mazda hutumia unene wa milimita 12 wenye nafasi ya 1.5 baina ya meno, ilhali Nissan na Suzuki ni 1.25. Nati ya Nissan kwenye bolti ya Toyota huanza kuingia, kisha inagoma. Fundi mwenye haraka huilazimisha, akaharibu meno ya bolti. Sheria yetu ni kwamba nati iingie kwa vidole mpaka karibu na mwisho. Ikihitaji spana kabla ya hapo, itoe.

Kwa nini jambo hili linasumbua zaidi sasa? Ukipita maduka na mabanda ya vipuri Mwanakwerekwe, Darajani au Kariakoo yetu ya hapa mjini, mali unayoiona haikutoka pahala pamoja. Nyengine imekuja kutoka Japani ndani ya gari zilizokatwa vipande, nyengine imepitia Dubai na Sharjah, ambako biashara ya vipuri chakavu ni kubwa na Wazanzibari wana jamaa na njia za miaka mingi. Nyengine imevuka kutoka Kariakoo ya Dar es Salaam na kushuka bandarini Malindi. Rimu ya gari ya Ulaya yenye nne kwa 108 inaweza kulala juu ya rimu ya Starlet katika rundo moja. Muuzaji si lazima awe mwongo. Pengine yeye mwenyewe hajui.

Pia gari zimezeeka, na magari yanayofuata hayalingani nayo. Chukua Toyota IST, ambayo nusu ya vijana wetu wanaiota. Ile ya mwanzo, iliyotoka mwaka 2002, ina nati nne kwa mia, kwa hiyo rimu zake zinafaa Vitz. Ya pili, ya mwaka 2007, ina nati tano kwa mia. Jina ni moja, rimu mbali. Upande wa nyuma nako si salama: zile Corolla kongwe za kuendeshwa na magurudumu ya nyuma zilikuwa na nati nne kwa 114.3, na rimu zake bado zinazunguka mitaani.

Zipo rimu za kununua madukani zilizotobolewa matundu manane ili zikae kwenye 100 na 114.3. Hatuzikatai. Ila tundu lao la kati huwa kubwa, mara nyingi 67.1 au 73.1, ili liingie gari nyingi. Hizo zinahitaji pete ya plastiki ngumu au ya aluminiamu ya kujaza nafasi mpaka 54.1. Pete ni kitu kidogo, na mara nyingi muuzaji hakitaji. Kiulize wewe.

Kipimo kinachofuata ndicho kinachowaponza vijana wapenda mapambo, nacho ni kina cha rimu. Nyuma ya rimu tafuta herufi ET na namba. Inaonesha uso unaogusa habu uko milimita ngapi kutoka mstari wa katikati wa rimu. Namba ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani. Ikiwa ndogo, linatoka nje. Vitz ya mwanzo yenye rimu ya inchi 14 na upana wa inchi 5.5 ilitoka na ET 45. Mtu akiweka rimu ya inchi 15, upana 6.5, yenye ET 35, ukingo wa nje unasogea nje karibu milimita 23. Gari ikiwa tupu inapendeza kweli. Ikipakia watu watano na magunia mawili ya mwani, springi zinakaa chini, tairi linaanza kusugua madigadi, na kila tuta linakata mpira kidogo. Beringi nazo zinabeba uzito mbali na pale zilipopangiwa.

Wengine hutatua kwa kuweka spesa, yaani bamba la kusogeza gurudumu nje. Bamba jembamba lisilofunika meno mengi ya bolti linaweza kupita. Bamba nene juu ya bolti zilezile fupi hatulikubali kwa gari inayobeba abiria, na fundi atakayesema "haina neno" muombe apande yeye hadi Nungwi na kurudi.

Sasa barabara. Bububu hadi Mkokotoni leo ni lami nzuri, na Tunguu kwenda Makunduchi vivyo hivyo, kwa hiyo mtu anajiona ana haki ya rimu kubwa na tairi jembamba. Lakini nyumba ya mtu haipo juu ya lami. Kutoka barabara kuu kuingia Jambiani ya ndani, au vichochoro vya Matemwe, unapita juu ya jiwe la matumbawe lenye meno. Hapo ukuta wa tairi ndio mto wa gari. Tairi ya 155/80 ya inchi 13 ina ukuta wa milimita 124. Ya 175/65 ya inchi 14 ina karibu 114. Ukipanda hadi 195/45 ya inchi 16, unabakiwa na milimita 88 tu. Kwa urefu wa jumla tairi ya 14 na ya 16 karibu zinalingana, hivyo mshale wa mwendo hautadanganya. Kilichopotea ni ule mpira baina ya jiwe na rimu.

Na rimu ya aloi haipindi kama ya chuma. Ya chuma ikipinda, fundi anainyoosha kwa nyundo na maisha yanaendelea. Ya aloi hupasuka, tena ufa mwembamba kama unywele, upepo unatoka kidogokidogo, na mtu analaumu valvu. Kuna wanaochomea nyufa hizo, wakapiga rangi, wakauza. Kabla ya kununua, paka maji ya sabuni upande wa ndani wa rimu, au ichunguze kwa kucha pale rangi ilipo mpya kuliko pengine. Chumvi ya bahari nayo hula aloi pale tairi inapokaa, na utaona unga mweupe. Ukikwanguliwa vizuri si kosa kubwa. Usipokwanguliwa, kila asubuhi utajaza upepo.

Kwa maoni yetu, mtu wa shamba mwenye Starlet au Vitz ya kazi hana sababu ya kupita inchi 14. Tairi za 13 zinazidi kuwa adimu kwa sababu dunia nzima inahamia magurudumu makubwa, kwa hiyo kuhama kutoka 13 kwenda 14 kuna maana. Kuhama kwenda 16 ni pambo, na pambo halina ubaya kwa mwenye fedha ya kulipia mara mbili.

Unayeishi mbali unahitaji kujua namba zako kabla ya kupanda gari kwenda mjini, kwa sababu ukirudi na kitu kibaya nauli ni yako na muuzaji ameshauza. Toa gurudumu moja nyumbani. Kwa nati nne, chukua futi ya fundi cherehani, pima kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya inayoielekea: sentimita 10 ni nne kwa mia. Kwa nati tano hakuna inayoielekea nyengine moja kwa moja, kwa hiyo pima bolti mbili jirani: karibu milimita 59 ni tano kwa mia, karibu 67 ni tano kwa 114.3. Futi hiyo haitoshi kwa duara la katikati. Hapo tafuta fundi mwenye kipimo cha meno, au piga picha ya maandishi yote yaliyo nyuma ya rimu yako ya sasa. Picha hiyo ndani ya simu ina faida kuliko maelezo ya fundi watatu.

Kwa anayenunua kwa picha za WhatsApp, usikubali picha ya mbele peke yake. Omba ya nyuma, isomeke. Humo utatafuta upana kama 5.5J, ET, na uzito wa juu kwa kilo. Rimu ya Kijapani mara nyingi huwa na herufi JWL, alama ya kiwango cha rimu za aloi cha Japani, na pengine VIA, inayoonesha kwamba imepimwa kwa kiwango hicho. Herufi zinaweza kuigwa, kwa hiyo hazikupi hakika, ila rimu isiyo na maandishi yoyote nyuma sisi tungeiacha.

Tairi ikija na rimu, soma namba nne za mwisho kwenye alama ya DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye meno mazuri iliyolala Japani miaka kumi ni kuukuu hata kama inang'ara.

Msikilizaji wetu wa Vitz hatimaye alirudi kwenye rimu za chuma za inchi 14 kutoka kwa IST ya nati nne, na nati zake za koni. Alizikaza kwa msalaba, akaenda mjini na kurudi, akazikaza tena, kama tulivyomwambia. Rimu za Honda ziko ukutani kwake, zimefunikwa kitambaa, anatafuta mwenye Fit. Kitu kimoja tu alikisahau, na alitupigia kutuambia: gurudumu lake la akiba lilibaki lile la zamani la inchi 13, bila upepo.