Jumapili Yetu Haiuzwi

Na mfanyakazi wa Jabe, Bujumbura

Ndugu wafanyakazi,

Katika mkutano mmoja wa tawi letu tulikuwa tunapanga madai ya kupeleka kwa mwajiri. Nilipopendekeza tuandike na siku ya mapumziko, ndugu mmoja alisimama akasema: "Mapumziko hayatiwi chunguni. Tudai pesa tu. Mwajiri akitaka tufanye kazi Jumapili, tufanye, mradi alipe." Watu wakampigia makofi. Mimi nikakaa kimya, maana sikuwa na jibu la haraka. Tangu siku ile nimelitafuta jibu hilo, na leo naliweka mbele yenu mlipime.

Kwanza nakiri kwamba ndugu yule hakusema uongo. Mshahara wa chini katika nchi yetu uliwekwa mwaka 1988: faranga 160 kwa siku hapa Bujumbura, na faranga 105 mikoani. Ikapita zaidi ya miaka thelathini, kiwango kikiwa ni kile kile, huku bei ya maharage, mkaa na chumba cha kupanga haikungoja mtu. Mwenye njaa hawezi kuhubiriwa juu ya kustarehe. Hilo tunakubaliana.

Lakini sikilizeni na habari yangu.

Mimi si mzaliwa wa mji huu. Nimetoka Rumonge, kwenye michikichi, ambako baba yangu alikata mikungu ya mawese mpaka mgongo ukapinda. Nilifika Bujumbura mwaka 1989, nikapata kazi katika kiwanda kimoja na chumba cha kupanga Jabe, au Kwijabe kama wengine wanavyosema, pale Bwiza. Miezi ya mwanzo nilifanya kazi siku saba kwa juma kwa hiari yangu. Nilisema moyoni: nimekuja kutafuta, sikuja kutembea. Mji kwangu ulikuwa kitanda, lango la kiwanda na njia iliyo katikati. Sikumjua jirani hata mmoja, na hakuna aliyenijua.

Jumapili moja mashine iliharibika, tukarudishwa nyumbani asubuhi. Sikujua la kufanya na siku nzima. Nikawa natembea tu mitaani, nikawakuta wazee wamekaa chini ya kivuli wanacheza dama kwa vizibo vya chupa. Nikasimama kwa mbali. Mzee mmoja akaniambia bila kuinua kichwa: "Kijana, keti. Kutazama hakulipiwi." Nikaketi. Nikafungwa michezo mitano mfululizo, nikachekwa, nikanywa kahawa chungu ya mtu nisiyemjua. Jua lilipokuchwa nilikuwa najua majina ya watu wanne.

Miezi miwili baadaye nilishikwa na homa kali, nikalala siku tatu. Walioniletea uji walikuwa wale wanne. Aliyekwenda kiwandani kueleza kwamba sikutoroka kazi alikuwa yule mzee wa dama. Ndugu zangu, mimi sikupokewa na mji huu siku nilizokuwa nafanya kazi. Ulinipokea siku ile nisiyofanya kazi.

Watu husema mfanyakazi ni maskini, hana starehe. Si kweli. Starehe zetu ni ndogo, lakini zipo. Ni sahani ya ndagala waliokaangwa vizuri, na ndizi ya kuchoma pembeni. Ni mukeke mmoja unaogawanywa kwa watu watatu, kila mmoja akijidai hapendi kichwa. Ni kukaa mbele ya nyumba jioni na redio. Ni vijana kwenye ligala lao wakibishana juu ya mpira kana kwamba wamelipwa. Ni kuteremka mpaka ziwani Jumapili kutazama jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, na usiku taa za wavuvi zikiwaka juu ya maji kama mji wa pili. Mwaka 1992 Vital'O ilipofika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, tulijaa kuzunguka redio moja, wazawa na wageni, wa Rumonge, wa Ngozi, wa Uvira. Tulifungwa na Africa Sports ya Kodivaa. Lakini siku zile hakuna aliyeniuliza kwetu ni wapi. Nilihuzunika pamoja na watu wa Bujumbura, basi nikawa mtu wa Bujumbura.

Kisha ukaja mwaka 1993 na vita. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa. Waliokufa hatuwezi kuwarudisha kwa maneno. Nataka kukumbusha jambo moja tu: kabla mji haujapoteza mambo mengine mengi, ulipoteza jioni. Saa ya kutotoka nje ikifika, mlango unafungwa, dama inafunikwa, redio inapunguzwa sauti, na jirani anakuwa mtu wa kuogopwa. Watu wasiokaa pamoja jioni huaminishwa lolote juu ya wenzao. Amri ya kutotoka nje usiku ilipoondolewa mwaka 2006, niliona wazee wakitoa viti nje na kukaa tu, bila la kusema, kwa furaha ya kukaa. Ndipo nilipofahamu kwamba kile tulichokiita upuuzi ndicho kinachoufanya mji uwe mji.

Sasa nawauliza: jioni na Jumapili ambazo zamani tulinyang'anywa kwa nguvu, je, leo tuzitoe wenyewe kwa noti chache?

Tukumbuke historia yetu. Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi wa Chicago na miji mingine ya Marekani waligoma wakidai siku ya kazi isizidi saa nane. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: siku ina saa ishirini na nne, theluthi moja ni ya kazi, theluthi moja ni ya usingizi, na theluthi ya mwisho ni ya mtu mwenyewe. Watu walikufa kwa ajili ya theluthi hiyo ya mwisho. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba unaompa mfanyakazi wa kiwanda mapumziko ya saa 24 mfululizo katika kila siku saba. Mwaka 1948 Tamko la Haki za Binadamu, katika kifungu cha 24, likasema kila mtu ana haki ya kupumzika na kupata wasaa wake. Mwaka 1958 mkataba juu ya mashamba makubwa ukawapa na wenzetu wa mashambani saa zile zile 24. Hizi si zawadi za matajiri. Zililipiwa.

Na hapa ndipo jibu langu kwa ndugu yule lilipo. Tukiuza Jumapili, tunamwambia mwajiri kwamba mshahara wa siku sita si lazima utoshe, kwa sababu tutaujazia wenyewe kwa siku ya saba. Mwaka wa kwanza pesa ya Jumapili itakuwa nyongeza. Mwaka wa pili itakuwa sehemu ya bajeti ya nyumba. Mwaka wa tatu mwajiri atasema: "Mbona mnaishi? Nyongeza ya nini?" Siku ya saba itakuwa imemezwa, na mshahara utakuwa ni ule ule. Kwa hiyo madai ya pesa na madai ya mapumziko si maadui. Anayelinda Jumapili yake ndiye anayeweza kudai kwa nguvu kwamba siku sita zimlishe.

Ndugu zetu wa mashambani mnaweza kusema hizi ni hadithi za watu wa mjini. Hapana. Mchuma chai wa Teza au Rwegura hulipwa kwa kilo, na kilo haina adabu: haimwambii mtu "sasa imetosha, nenda nyumbani." Anayelipwa kwa kilo ndiye anayehitaji zaidi siku ya mapumziko iandikwe, maana njaa itamsukuma arudi shambani hata akiwa mgonjwa.

Liko jambo lingine, na hili linatuhusu sisi wanaume. Siku moja nilikuwa naisifu Jumapili mbele ya mke wangu, naye akaniuliza: "Jumapili ya nani?" Nikatazama. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye dama, yeye alikuwa amefua nguo za watu sita, amepika mara mbili, na Jumatatu alfajiri anakwenda kuuza sokoni. Niliona haya. Tangu hapo maji nachota mimi Jumapili, na nguo zangu nafua mwenyewe. Wapo wanaonicheka. Acha wacheke. Hatuwezi kumdai mwajiri mapumziko ambayo sisi wenyewe tunawanyima wake zetu.

Tena, saa za mfanyakazi huliwa hata nje ya lango la kiwanda. Mwezi Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilikatazwa katikati ya mji. Miaka ile ile ukaja uhaba wa mafuta, watu wakapanga foleni ndefu za basi, na wengi wakarudi makwao kwa miguu usiku. Mtu anayetumia saa tatu njiani ameibiwa jioni yake, hata kama kazini alitoka kwa wakati. Na ziwa letu je? Sheria ya maji ya mwaka 2012 iliweka ukanda wa mita 150 kandokando ya Tanganyika uhifadhiwe. Lakini tembea leo ufuoni uone mahoteli na mabaa yalivyojipanga, mahali ambapo chupa moja ya limonadi inamtoa jasho baba wa watoto wanne. Maji aliyaweka Mungu, ukuta waliujenga watu.

Kwa hiyo naomba tawi letu, na matawi mengine, yaandike mambo manne katika madai. Kwanza, siku moja kamili ya mapumziko kila juma, iandikwe kwenye mkataba, kwa wa kiwandani na wa shambani. Pili, kazi ya ziada iwe kwa hiari, na asiadhibiwe anayekataa. Tatu, mwajiri anayetaka watu zamu za usiku awape usafiri wa kuwarudisha makwao. Nne, chama kishirikiane na wakuu wa mji ili sehemu ya ufuo ibaki wazi kwa watu wote, bila kiingilio.

Mzee wa dama alikwisha fariki. Ubao wake uko kwangu, na vizibo vyake vimechakaa hata rangi haionekani, lakini tunajua kipi ni cha nani. Jumapili hii tutakuwa pale pale, chini ya kivuli. Akija kijana mgeni, amesimama kwa mbali, anaona haya, tutamwambia aketi, kutazama hakulipiwi. Lakini ili aje, lazima kwanza awe ameruhusiwa kutoka kazini.

Ndugu uliyesema mapumziko hayatiwi chunguni, nawe nakualika. Njoo tubishane. Kahawa nitalipa mimi.

Umoja ni nguvu.