Tusiogope kisanduku cha antene



Jioni moja hapa Katindo jirani alituonyesha antene yake mpya ya radio: duara la waya mnene, upana karibu metre moja, na chini yake kisanduku kidogo. Alilipa dola nyingi. Tulipomuuliza ndani mna nini, akajibu: «Siri ya Wazungu.» Wenzangu wakakubali. Mimi hapana, na leo naandika sababu.

Kumbe ni somo letu la fizika! Mawimbi ya radio yakipita katika duara, yanazaa umeme mdogo sana. Ndiyo ile sheria ya Faraday ya 1831. Umeme huo unaingia kwa transista mbili, moja inasukuma na nyingine inavuta, kusudi zikuze sauti ya mbali bila kuiharibu. Kisha transfo ndogo inaushusha kwa waya mrefu mpaka kwenye radio. Na umeme wa kulisha transista? Unapanda katika waya ule ule! Bobini inaupitisha na kuzuia mawimbi. Kondensateri inapitisha mawimbi na kuuzuia umeme wa batri.

Kweli, kuna ufundi. Transista zisiwe na kelele, na chujio liwepo, juu ya stesheni za FM za hapa Goma: ziko karibu, zinaweza kuzishinda transista. Lakini ufundi si uchawi. Chavdar Levkov wa Bulgaria alitengeneza ampli ya namna hii, akautoa mchoro wake wazi kwa wote.

Wengine watasema: tununue tu. Sawa, na radi je? Mashariki ya Congo ni kati ya mahali panapopigwa na radi zaidi duniani. Radi ikianguka karibu, transista inaweza kufa. Kuna watengenezaji wanaojaza kisanduku gundi ngumu, hakifunguki tena. Basi unatupa dola zako zote! Anayejua ya ndani, na kisanduku chake kinafunguka, anabadilisha transista tu.

Wala si mchezo. Mwezi wa kwanza 2025, vita ilipoingia Goma, umeme ulikatika. Siku kama zile, radio ya batri ndiyo masikio ya nyumba.

Maoni yangu ni haya: fizika isibaki ubaoni. Tupewe waya, transista mbili na chuma cha kulehemu, tuijenge moja hapa shuleni. Ikikataa kusema, tutatafuta kwa nini. Huko ndiko kusoma.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano, sayansi