UCHANGANUZI: Ukumbi wa Garissa uanze kwa mkeka wa aqal

Katika mji wa Guangzhou, China, umesimama ukumbi wa maigizo ambao kwa mbali huonekana kama kitambaa cha hariri nyekundu kilichokunjwa. Kwenye kuta zake wamechorwa ndege wa ngano za Kichina kwa rangi ya dhahabu. Kampuni iliyousanifu, Steven Chilton Architects, ni ya London, lakini wazo lilitoka kwa mafundi wa hariri walioujengea mji huo jina tangu kale.

Habari hiyo ni ya mbali, ila inazua swali la karibu: Kaskazini Mashariki ikijijengea ukumbi wa sanaa, utafanana na nini?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 lilizipa serikali za kaunti jukumu la shughuli za kitamaduni na burudani ya umma. Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, Garissa, Wajir na Mandera haziwezi tena kudai kwamba mambo hayo yanaamuliwa Nairobi.

Ufundi wa kuanzia upo. Aqal, nyumba ya wafugaji wa Kisomali wanaohamahama, hujengwa na wanawake. Fito hupindwa zikawa kuba, kisha hufunikwa kwa mikeka iliyosukwa kwa nyuzi za magome na nyasi. Siku ya kuhama, nyumba nzima hufumuliwa na kupakiwa juu ya ngamia. Mkeka huo ni pambo, na papo hapo ni ukuta unaokinga jua na kupitisha hewa, jambo lisilowezekana kwa bati katika joto la Garissa.

Hata hivyo, hazina hiyo inapungua. Ukame umeangamiza mifugo na kuzisukuma familia nyingi mijini. Msichana anayelelewa chini ya mabati hana sababu ya kujifunza kusuka.

Wapo watakaouliza ukumbi ni wa nini ilhali maji na walimu ni haba. Hoja hiyo ina uzito. Hofu ya mikusanyiko nayo ina sababu, baada ya shambulizi la Aprili 2, 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148.

Lakini Mogadishu ina funzo. Ukumbi wa Taifa wa Somalia, uliojengwa na wahandisi wa China na kufunguliwa 1967, ulifungwa vita vilipozuka 1991. Ulifunguliwa tena Machi 2012, na kabla ya wiki tatu kwisha, bomu la Aprili 4 likaua watu kadhaa, wakiwemo wakuu wa kamati ya Olimpiki na wa shirikisho la soka. Hata hivyo, Septemba 2021 watu waliketi humo tena kutazama filamu.

Garissa haihitaji kuanza kwa jengo la mamilioni. Inaweza kuanza kwa kivuli cha kuba na jukwaa dogo, mradi wasukaji waketi na wasanifu tangu mchoro wa kwanza, na walipwe kama mafundi, sawa na mwashi na seremala. Hatari iliyopo ni mkandarasi kubandika vigae vyenye michoro ya mikeka na kuuita huo utamaduni. Jengo la aina hiyo litapendeza kwenye picha za uzinduzi, huku mama anayejua kusuka akizeeka bila mwanafunzi.